Maktaba za programu: jina la kigezo nalo ni ahadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na waandishi wa programu, hasa wale wanaoandika maktaba zinazotumiwa na wenzao. Wasomaji wengine nao yanawahusu. Programu ikisasishwa usiku na asubuhi ikagoma kufunguka, lawama huangukia simu au mtandao, ilhali pengine aliyeharibu ni mtu aliyebadilisha mstari mmoja ndani ya maktaba ambayo mwenye simu hajawahi hata kuisikia.

Maktaba, kwa asiyeifahamu, ni mkusanyiko wa funksheni zilizoandikwa mara moja ili programu nyingi zizitumie: moja husoma tarehe, nyingine hupunguza picha, nyingine hufungua faili. Programu huiita funksheni kwa jina na kuikabidhi thamani inazohitaji. Nafasi za kupokelea thamani hizo ndizo vigezo. Toleo jipya la maktaba likipokea miito ya zamani na kuijibu kama ilivyojibiwa zamani, twasema linapatana na matoleo ya nyuma. Lisipofanya hivyo, limevunja programu za watu.

Nina hoja moja tu. Upatanifu hauanzi siku ya kutoa toleo la 2. Huanza siku funksheni inapoandikwa kwa mara ya kwanza, pale mwandishi anapoamua vigezo viwe vingapi, vifuatane vipi, viitwe nani na vichukue thamani gani visipotajwa. Sehemu kubwa ya fujo za baadaye ni deni la siku hiyo.

Tuchukue funksheni ya kubadili ukubwa wa picha. Mwandishi ana haraka. Anaifanya ipokee picha, upana, kimo, kisha kama uwiano ulindwe, kama picha ndogo ikuzwe, na mwisho ubora. Anayeiita anaandika hivi:

badiliUkubwa(picha, 800, 600, kweli, uongo, 85)

Ni nani atakayeusoma mstari huu miezi sita baadaye akajua hiyo «uongo» ni ya nini? Hata aliyeuandika itabidi afungue nyaraka. Na kusoma ndiyo shida ndogo. 800 na 600 zote ni namba kamili. Ukizipindua, kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya programu kuwa amri za kompyuta, hainung'uniki, programu haianguki, ila picha inatoka na ukubwa usio wake. Hali kadhalika «kweli» na «uongo» zikibadilishana nafasi. Kosa linaloangusha programu hugunduliwa siku hiyo hiyo. Linalotoa jibu baya kimyakimya hukaa hadi mtu wa mbali alalamike.

Mfano mkongwe uko kwenye lugha ya C. Funksheni memset hujaza kipande cha kumbukumbu kwa thamani fulani, na vigezo vyake ni mahali, thamani, kisha idadi ya baiti. Anayetaka kufuta baiti 64 zilizohifadhi nywila huandika memset(p, 0, 64). Akikosea akaandika memset(p, 64, 0), ameagiza baiti sifuri zijazwe kwa 64, yaani hakuna kilichofanyika, na nywila imebaki pale pale. Mpangilio wa kigezo cha pili na cha tatu umewakosesha watu wengi kiasi kwamba kompaila ya GCC imewekewa onyo mahususi la kosa hili. Funksheni yenyewe haiwezi kurekebishwa. Programu zinazoitumia kwa mpangilio huo hazihesabiki.

Lugha ya PHP nayo ina kisa chake. Funksheni strpos hutaka kwanza tungo (mfululizo wa herufi) la kutafutia ndani, halafu kinachotafutwa. Funksheni in_array hutaka kinachotafutwa kwanza, halafu mahali pa kukitafuta. Kwa implode, inayounganisha vipande kwa kitenganishi, wenyewe waliamua zamani kukubali mpangilio wowote kati ya miwili. Huruma hiyo iligharimu: toleo la 7.4 likaanza kutoa onyo, na toleo la 8.0 la mwaka 2020 likaukataa kabisa mpangilio wa kinyume. Mlango ukishafunguliwa kwa kila mtu, kuufunga ni kazi ya miaka.

Dawa yake si ngeni. Acha kigezo kimoja au viwili vipokelewe kwa nafasi, vile ambavyo jina la funksheni lenyewe limekwisha kuvitaja. Vinavyobaki lazimisha vitajwe kwa jina. Python imeruhusu hilo tangu toleo la 3.0: ukiweka alama ya nyota kwenye orodha ya vigezo, vyote vinavyoifuata havipokelewi bila jina. Toleo la 3.8 likaongeza alama ya mkwaju kwa kazi iliyo kinyume, kwamba vilivyotangulia visitajwe kwa jina kamwe. Ya nyota hukupa uhuru wa kupanga upya na kuongeza vigezo popote. Ya mkwaju hukupa uhuru wa kubadili majina. Ukizitumia zote mbili tangu mwanzo, umebakiza nafasi ya kupumua miaka kumi ijayo. Mwito wetu wa picha sasa unasomeka:

badiliUkubwa(picha, upana=800, kimo=600, lindaUwiano=kweli, ubora=85)

Wanaodhani hayo ni mapambo waitazame scikit-learn, maktaba ya Python ya kufundishia mashine. Ilikuwa imeacha vigezo vingi vipokelewe kwa nafasi. Mei 2020, katika toleo la 0.23, ilianza kuwaonya watumiaji, na Septemba 2021, katika toleo la 1.0, kupitisha vigezo hivyo bila jina kukawa kosa. Zaidi ya mwaka mmoja wa maonyo, kwa jambo ambalo siku ya kwanza lingegharimu herufi moja ya nyota.

Lugha isiyo na vigezo vya kutaja kwa jina, kama C au Java, haikupi kisingizio. Tengeneza muundo wa machaguo wenye sehemu zenye majina, mtumiaji aujaze kisha aukabidhi kwa funksheni. Kwenye C muundo huo uwe na sehemu inayobeba ukubwa wake wenyewe kwa baiti. Windows hufanya hivyo katika miundo yake mingi, na sehemu hiyo huitwa cbSize. Maana yake: muundo ukirefushwa katika toleo jipya, maktaba itasoma ukubwa uliotajwa, itajua programu hii ni ya zamani, na haitagusa sehemu ambazo programu hiyo haikuwa nazo.

Kuhusu vigezo vya kweli na uongo, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi: katika maktaba ya hadhara, kigezo cha namna hiyo ni mwiba, na mdharau mwiba mguu huota tende. Leo chaguo ni mawili, «linda uwiano» au «usilinde». Kesho mtu atataka «linda uwiano kwa kukata kingo», na «kweli» haina nafasi ya tatu. Hapo ndipo huongezwa kigezo kingine cha kweli na uongo, na ghafla una michanganyiko minne ambayo mmoja wao hauna maana yoyote, nawe unalazimika kuandika msimbo wa kuukataa. Tumia orodha ya machaguo yenye majina tangu mwanzo: nyosha, tosheza. Siku ya tatu utaongeza «kata» bila kumgusa mtu.

Vipimo vina hadithi ndefu zaidi. Funksheni ya kulaza programu kwa muda ipo karibu kila lugha, na kila moja ina kipimo chake. Kwenye Python time.sleep hupokea sekunde. Kwenye Java Thread.sleep hupokea milisekunde. Kwenye mifumo ya Unix usleep hupokea mikrosekunde. Anayetoka Java akaandika 500 kwenye Python, akitaka nusu sekunde, ameilaza programu dakika 8 na sekunde 20. Lugha ya Go ilijaribu kuzuia hili kwa kuunda aina maalumu ya muda, ili mtu aandike 500 mara milisekunde. Lakini namba tupu bado hupita, na hapo 500 huhesabiwa kuwa nanosekunde. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya paundi, na iliyopokea ilidhani ni vya nyutoni; tofauti yake ni kama mara 4.45. Namba yenyewe ilikuwa halali. Kwa hiyo kigezo kisiitwe «muda», kiitwe «mudaSekunde». Na hili si la kuahirisha, kwa sababu jina likishatoka halirudi.

Nasema halirudi kwa makusudi. Wengi huona aina na mpangilio wa vigezo kuwa ni ahadi, lakini majina huyahesabu kuwa mambo yao ya ndani. Panapokuwa na ruhusa ya kutaja vigezo kwa jina, jina ni ahadi sawa na jina la funksheni yenyewe. PHP ilipoongeza uwezo huo katika toleo la 8.0, majina yote ya vigezo katika maktaba zilizokuwapo yaligeuka kuwa ahadi hata kama waandishi wake hawakukusudia. C# na Kotlin ni vivyo hivyo. Na kuna nyakati jina hunyang'anywa na lugha yenyewe: Python 3.7, mwaka 2018, ilifanya neno async kuwa neno maalumu la lugha, na kila maktaba iliyokuwa na kigezo chenye jina hilo ikawa haisomeki tena. Maktaba ya PyTorch ililazimika kukiita kigezo chake non_blocking. Lililokuwa halali jana likawa kosa la sarufi leo.

Chaguo-msingi, yaani thamani ambayo kigezo huchukua kisipotajwa, nalo ni ahadi, tena ile inayovunjwa kwa urahisi kuliko zote, maana anayeivunja habadilishi kingine ila namba. Ukishusha muda wa kungoja seva kutoka sekunde 30 hadi 10, hakuna mwito unaokosa kukompailika, na majaribio yote yanapita. Atakayeumia ni mwenye mtandao wa polepole, aliyekuwa akijibiwa kwa sekunde 15. Kwenye C# kuna utata wa ziada: thamani ya chaguo-msingi hunakiliwa ndani ya programu inayoita wakati wa kukompaili. Ukiibadili kwenye maktaba, programu zilizokwisha kukompailiwa huendelea na ya zamani hadi zikompailiwe upya. Hivyo programu mbili zinatumia maktaba ile ile, zimeandika mwito ule ule, na zinafanya mambo mawili tofauti.

Hapo pia huonekana kosa la kuamini kwamba kuongeza kigezo cha hiari mwishoni hakumdhuru yeyote. Kwa msimbo unaokompailiwa upya, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa programu ya C# iliyokwisha kukompailiwa, funksheni yenye vigezo vitatu na ile yenye vinne ni funksheni mbili. Ukiongeza cha nne umeifuta ya vitatu, na programu itaanguka ikisema haiioni. Iache ya zamani, nayo iite mpya.

Kwenye JavaScript mtego uko kwingine. Funksheni parseInt hugeuza tungo kuwa namba, na kigezo chake cha pili ni kizio cha kuhesabia. Ukiikabidhi kwa map, inayopita kwenye orodha na kuita funksheni kwa kila kipengele, map haitoi kipengele peke yake. Hutoa pia namba ya nafasi yake. Orodha yenye "10" mara tatu hutoka ikiwa 10, kisha «si namba», kisha 2. Ya tatu imesomwa kwa kizio cha 2, na kwa kizio hicho 10 ni mbili kweli. Hitilafu ya namna hii ndiyo humpata mtumiaji ukimwongezea kigezo cha hiari kwenye funksheni ambayo tayari anaikabidhi kwa funksheni nyingine. Kama kigezo hicho kingepokelewa kwa jina tu, nafasi isingekuwapo ya kukijaza kwa bahati mbaya.

Bado kuna watumiaji wanaotegemea usichoahidi. Kanuni inayoitwa ya Hyrum, kwa jina la mhandisi Hyrum Wright, inasema kwamba watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia inayoonekana ya mfumo wako itakuwa na mtu anayeitegemea, iwe umeiandika kwenye nyaraka au la. Mfano wake mzuri ni memcpy ya C, inayonakili kumbukumbu. Kiwango cha lugha kinasema wazi kwamba sehemu inayonakiliwa na inakonakiliwa zisiingiliane. Watunzaji wa glibc, maktaba ya C inayotumiwa kwenye Linux, walipoiharakisha kwa kubadili mwelekeo wa kunakili, sauti ya Adobe Flash, programu ya kuchezea video, ikaanza kukwaruza kwenye mfumo wa Fedora 14, mwishoni mwa 2010, kwa kuwa Flash ilikuwa ikiingilianisha sehemu hizo. Kisheria kosa lilikuwa la Flash. Lakini mwenye kompyuta hakusikia sheria, alisikia mikwaruzo. Suluhisho la glibc 2.14 lilikuwa la kiungwana: kila funksheni katika maktaba hiyo hubeba lebo ya toleo, basi memcpy mpya ikapewa lebo mpya, na programu zilizokwisha kukompailiwa zikaendelea kupata tabia ya zamani. Ni mbinu ghali, lakini inawezekana.

Kinga iliyo rahisi kuliko hiyo ni kukataa mapema kila usichokielewa. Wito wa open, wa kufungua faili kwenye Linux, hupokea bendera, yaani machaguo ya kuwasha au kuzima, kila moja ikiwa biti moja, na kiini cha Linux tangu zamani kilizipuuza biti zisizojulikana badala ya kuzikataa. Matokeo yake hakuna bendera mpya inayoweza kuongezwa kwa usalama: programu inayoiomba kwenye kiini cha zamani hudhani imekubaliwa, kumbe imepuuzwa, na ile iliyokuwa ikipitisha takataka kwenye biti hiyo huamka siku moja ikiwa na tabia ngeni. Ndiyo maana toleo la 5.6, mwaka 2020, lilileta openat2, inayokataa bendera isiyoijua na kupokea muundo wenye ukubwa wake. Ndugu yake renameat, ya kubadili jina la faili, ilikuwa haina nafasi ya bendera kabisa, ikalazimu renameat2 iundwe mwaka 2014. Kwa hiyo funksheni yako ikipokea machaguo, jina lisilojulikana liwe kosa, na thamani iliyo nje ya mipaka iwe kosa. Kulegeza baadaye hakumuumizi mtu, kukaza huumiza.

Sasa, mabadiliko hayaepukiki, na sidai maktaba zigande. Ninachodai ni utaratibu. Tuseme kigezo «kimo» lazima kiitwe «urefu». Funksheni ipokee yote mawili kwa muda. Kila kimoja kipewe chaguo-msingi ambalo si thamani ya kawaida wala si «tupu», bali alama maalumu iliyoundwa ndani ya maktaba, kwa sababu mtumiaji anaweza kuwa anapitisha «tupu» akiwa na maana yake. Yakija yote mawili, toa kosa. Likija la zamani peke yake, toa onyo kisha lipitishe kwenye jipya. Msimbo halisi uishi mahali pamoja tu, ndani ya jipya. Anayenakili mwili wa funksheni ya zamani na kuuacha pembeni atarekebisha hitilafu upande mmoja na kuisahau upande wa pili.

Onyo lenyewe liandikwe kwa mtu mwenye kazi nyingi. «Njia hii imepitwa na wakati» halimsaidii. Andika: «badiliUkubwa: kigezo kimo kimestaafishwa tangu 2.3, kitaondolewa 3.0, andika urefu badala yake.» Kinachoondoka, tangu lini, kinaondoka lini, kiandikwe nini. Na lioneshe mstari wa aliyeita, si mstari ulio ndani ya maktaba yako. Kwenye Python hilo hufanywa kwa kukipa kigezo cha onyo kiitwacho stacklevel thamani ya 2. Mwito ukipitia funksheni moja zaidi kabla ya kufika, iwe 3. Lipo pia jambo ambalo watunzaji wengi wa Python hulisahau: DeprecationWarning, aina ya onyo la kustaafishwa, hufichwa kwa kawaida, isipokuwa ikitokea kwenye faili kuu inayoendeshwa. Unaweza kuonya miaka miwili bila mtu kusikia. Onyo linalowalenga watumiaji wa mwisho liwe FutureWarning, ambalo huonekana.

Muda wa kungoja? NumPy, maktaba ya Python ya hesabu, ilianza kuonya kuhusu majina np.int na np.float katika toleo la 1.20, Januari 2021, ikayaondoa katika 1.24, Desemba 2022. Karibu miaka miwili, na bado programu nyingi zilikatika siku hiyo. Python yenyewe ilipotoa toleo la 3 mwaka 2008, ya 2 iliendelea kutunzwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Na kilichosaidia uhamaji hakikuwa muda peke yake. Mwaka 2012 toleo la 3.3 lilirudisha herufi u mbele ya matungo, kitu kisicho na kazi yoyote kwenye Python 3, kwa sababu tu kuwapo kwake kulirahisisha kuandika msimbo mmoja unaokubalika pande zote mbili. Walioiondoa walikuwa sahihi kwa usafi wa lugha, na walioirudisha walikuwa sahihi kwa watu.

Namba za matoleo ni barua kwa mtumiaji. Katika mpangilio wa tarakimu tatu, ya kwanza hupanda unapovunja, ya kati unapoongeza bila kuvunja, ya mwisho unaporekebisha hitilafu. Likianza na 0, hujaahidi kitu. Anayebadili chaguo-msingi na kupandisha tarakimu ya mwisho amedanganya, hata kama hakukusudia.

Ili usijidanganye wewe mwenyewe, weka faili moja ya majaribio yenye miito ya kila toleo lililopita, jinsi watu walivyoiandika kweli, na sheria yake iwe moja: inaongezwa, haihaririwi. Siku utakapotaka kuihariri ili majaribio yapite, umejua kwamba unavunja. Kisha chukua majaribio ya toleo lililotangulia na uyaendeshe juu ya msimbo mpya. Kwa maktaba za C kuna abidiff, inayolinganisha maktaba mbili zilizokompailiwa na kutaja kilichobadilika. Kwa Rust kuna cargo-semver-checks. Hazioni mabadiliko ya tabia, ila ya umbo huyaona vizuri kuliko jicho.

Nitaulizwa kama hakuna kuvunja kunakostahili. Kupo. PyYAML, maktaba ya kusoma faili za YAML, ilikuwa na funksheni load ambayo, ikipewa faili kutoka kwa mtu mwenye nia mbaya, iliweza kuendesha amri yoyote kwenye kompyuta. Iliyo salama ilikuwapo, safe_load, lakini jina fupi ndilo watu waliloandika. Toleo la 5.1, mwaka 2019, likaanza kumwonya asiyetaja kisomaji, na toleo la 6.0, mwaka 2021, likakifanya kigezo cha Loader kuwa cha lazima. Hilo ni kuvunja kwa makusudi, na naliunga mkono: hatari ilikuwa ya kweli, onyo lilitangulia, na kosa linatokea mara moja, kwa sauti, kwenye mstari ule ule wa kurekebisha. Kuvunja kwa ajili ya majina mazuri zaidi ni habari nyingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Nitaulizwa pia kama ni haki kumdai haya mtu anayejitolea. Ni swali la haki kabisa, na jibu langu ni kwamba mzigo hupimwa kwa kilichotangazwa. Funksheni isiyo ya lazima kwa hadhara ibaki ndani. Kwenye Python jina lake lianze na kistari cha chini, kwenye lugha nyingine ifungwe kabisa. Kigezo ambacho hakijaombwa na mtu kisiongezwe eti kitafaa. Kukiongeza baadaye ni dakika tano, kukiondoa ni miaka miwili ya maonyo. Na kama umechoka, kabidhi maktaba kwa mwingine au iache ilivyo, usiifute: Machi 2016 kuondolewa kwa left-pad, yenye mistari 11 tu, kwenye npm, hazina ya maktaba za JavaScript, kulikwamisha ujenzi wa programu nyingi duniani kwa saa kadhaa, hadi wenye hazina walipoirudisha wenyewe.

Watumiaji wa maktaba nao wana lao. Taja vigezo kwa jina popote lugha inaporuhusu, hata pasipolazimishwa. Usiite funksheni za ndani kisha ulalamike zikiondoka. Funga matoleo kamili kwenye faili ya kufungia na uihifadhi pamoja na msimbo, ili kinachojengwa leo kiwe kile kilichojaribiwa jana. Endesha majaribio huku maonyo ya kustaafishwa yamegeuzwa makosa. Kwenye Python ni kuongeza -W error::DeprecationWarning kwenye amri. Yatakayoanguka mara nyingi ni ya maktaba unazozitumia, si yako, na hapo ndipo pa kumwandikia mtunzaji wake, ukimpa mstari wa mwito, toleo lililofanya kazi na toleo lisilofanya kazi.

Wako,
Mtunza maktaba za programu